Primi Hufuata Chaki

Unga wa muhogo ulipimwa kwa kopo tupu la maziwa ya watoto wachanga, ambalo watu wa Uvira waliliita gigosi, na ambalo maziwa yake hakuna mtu wa mtaa wa Nyamianda aliyekumbuka kuyaonja. Bella Nkeshimana alikaa mkekani, mtoto mchanga akiwa amelala juu ya miguu yake, akapima. Gigosi ya wanawe wawili wakubwa, Kwizera na Pontien, aliiacha na kilima juu. Ya mume wake aliipangusa kwa kiganja ikawa sawa na ukingo. Ya kwake aliipangusa kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, ili mkono uingie ndani ya kopo na kutoka na kitu.

Sabuni alikuwa ameshaikata kwa uzi wa kushonea. Makaa yaliyobaki kwenye mbabula, jiko lake la bati, alikuwa ameyazima kwa maji ili yawake tena kesho. Ndakala, wale dagaa wa ziwani, aliwatenganisha vichwa na miili: miili ilikuwa ya watoto, vichwa vya mchuzi, na mchuzi ulikuwa wa kila mtu atakayetokea, maana katika vita watu hutokea saa ya chakula kuliko saa nyingine yoyote. Ilikuwa vita ya pili, ile iliyokuja kabla watu hawajamaliza matanga ya ile ya kwanza.

Bella alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na alikuwa katika konje ya uzazi, likizo ya kujifungua. Katika konje ya uzazi mwalimu alilipwa pongezi. Serikali ya Kinshasa ilikuwa upande wa pili wa vita, na wale walioshika Uvira walikuwa na shughuli nyingine. Kwa hiyo mwalimu aliishi kwa primi, yaani zile franga ambazo wazazi wa wanafunzi walichanga kila mwezi, zikapita ofisini kwa Direkta, mkuu wa shule, zikatoka humo katika bahasha. Kanuni ya shule ilikuwa moja, fupi, na watoto wangeweza kuiimba: primi hufuata chaki. Anayeshika chaki ndiye anayeshika bahasha.

Kanuni hiyo ilipitishwa siku mwalimu mmoja alipojifungua mapacha na mwingine akamshikia darasa. Aliyemshikia ndiye aliyeitetea kwa sauti kubwa kuliko wote, akapiga hata meza. Alikuwa Bella. Miezi ile blauzi yake ililowa kila asubuhi upande wa kulia, naye akadhani ni joto linaloshuka kutoka bonde la Ruzizi.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo kila mtu alilijua. Walimu wa kike wa shule ile walinyonyesha titi la kulia tu. La kushoto lilikuwepo, zuri tu, lakini halikutoa kitu. Watu walisema ni sababu ya chaki: mkono wa kulia unaandika kutwa, damu inahamia kulia, na maziwa yanaifuata damu. Bella mwenyewe aliweza kushuhudia. Kwizera, aliyezaliwa kabla hajaanza ualimu, alinyonya yote mawili. Pontien alinyonya moja. Na sasa Kaneza, huyu mchanga, alikuwa ameshajua pa kugeuzia kichwa bila kuonyeshwa.

Direkta Déogratias alipomwomba Bella apendekeze mtu wa kushika darasa lake, Bella hakufikiria sana. Alimpendekeza Sabine, binti kutoka Sange, mwembamba kama uzi wa kukatia sabuni, mwenye sauti ya kuomba radhi. Wengine wangetafuta mwalimu hodari. Bella alitafuta mtu ambaye wanafunzi watamsahau upesi. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na lilikuwa kosa la akili sana.

Primi ya mwezi ule ilitolewa siku ya Ijumaa, saa ya mapumziko. Sabine alisaini, akapokea bahasha, akarudi darasani kuandika jedwali la saba.

Nyumbani, Kaneza alikuwa ananyonya. Akavuta, akasimama, akavuta tena, kisha akaachia na kumtazama mama yake kama mteja aliyeuziwa bidoni tupu la mafuta. Jirani, Mama Sévère, aliyeuza ndakala kando ya barabara na kuingia nyumba za watu bila hodi, alipiga magoti, akaminya, akapima uzito kwa kiganja.

"Maziwa imetoka," akasema.

"Imekauka?"

"Apana. Yenye kukauka inakuwaka ngumu. Hii iko laini. Imetoka tu, imeenda fasi ingine." Akajifuta mkono kwenye kitenge. "Leo si njo siku ya primi?"

Jioni hiyo Kwizera, aliyesoma katika shule hiyo hiyo, alileta habari pamoja na ndoo ya maji. Mwalimu Sabine alikuwa anaandika saba mara nane blauzi yake ilipoanza kuvuja. Watoto walimwambia. Alitazama, akasema asante, akashusha ramani ya nchi kutoka ukutani na kuishikilia kifuani mpaka kengele. Kivu ndiyo iliyolowa kwanza.

"Na jibu ilikuwa ngapi?" Bella akauliza.

"Makumi tano na sita."

"Vizuri," Bella akasema, kwa sababu alikuwa mwalimu hata katika dhiki.

Sabine mwenyewe alifika kabla ugali haujaiva. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya blauzi, na alisimama mlangoni kama mtu aliyerudisha sufuria ya kuazima.

"Mama Kwizera, unisamehe. Nazani nimebeba kitu yako."

Bella akampa mtoto. Hakukuwa na jambo lingine la kufanya. Kaneza alinyonya kwa pupa, akipiga zile kelele ndogo za koo ambazo Bella alikuwa amezizoea kuzisikia kutoka juu, na sasa alizisikia kutoka pembeni, jinsi wageni wanavyozisikia. Sabine alimshika vibaya, kiwiko kimechongoka. Mtoto hakujali. Bella alijali kwa niaba yake.

"Inua kichwa yake," akasema.

"Hivi?"

"Si hivyo. Acha. Acha tu. Iko anakunywa."

Yalikuwa ni maziwa mengi. Bella aliyajua kwa rangi yake, ule umanjano kidogo wa mawese. Yalikuwa ni yake kabisa, na yalikuwa yamependeza zaidi huko yalikokwenda.

Tangu siku hiyo Sabine alikuja kila alasiri. Siku za Jumamosi alileta unga, gigosi moja yenye kilima juu, kwa sababu alikuwa na aibu na alilelewa vizuri. Jumamosi ya kwanza Bella alilipokea kopo, akalitazama, akakipangusa kile kilima kwa kiganja kikaangukia ndani ya mfuko wa Sabine.

"Kwetu tunapimaka hivi," akasema.

Pontien, aliyekuwa na miaka minne, alikifuata kile kilima kwa macho mpaka kilipotoka uani.

Hesabu za nyumba zikabana. Gigosi ya Kwizera na Pontien ikapoteza kilima. Ya Bertrand ikaanza kupanguswa kwa kiganja kilichokunjwa. Bertrand Manirakiza, mume wa Bella, alisukuma baiskeli ya mchele kutoka Bwegera hadi Uvira, na kila barieri ya wanajeshi njiani ilipunguza gunia kwa jina tofauti: usalama, daraja, mchango wa vita, mwana wa komanda anaumwa. Gunia lililoondoka Bwegera likiwa limesimama liliingia Nyamianda likiwa limekaa.

"Leo komanda wa barieri alikuwa amelowa mupaka ku mukanda," Bertrand alisema siku moja, akinawa miguu. "Ile ya rangi ya maziwa. Askari wake mumoja alikuwa anamukamulia shati."

"Na mchele?"

"Amebakisha ile unaona."

Kisha wakazungumzia bei ya chumvi.

Kwa kuwa Kaneza hakuweza kungoja mpaka alasiri, siku ambazo Bertrand hakuwa barabarani ndiye aliyempeleka shuleni saa ya mapumziko. Bella hakuruhusiwa. Direkta alikuwa amekataza mwalimu aliye katika konje kuonekana shuleni, akisema ingewachanganya watoto. Basi Bertrand alimbeba mtoto kifuani, akapita barabara kuu, akaenda na kurudi. Wiki ya kwanza alikwenda na suruali ya baiskeli. Wiki ya pili alikwenda amenyoa ndevu. Tangu vita ianze Bertrand alinyoa Pasaka tu.

"Bwana yako anang'ara," Mama Sévère akasema, akipanga ndakala zake. "Ni kama iko anapeleka mutoto kanisani kwa baptême kila siku."

"Iko anapeleka mutoto kunyonya."

"Eh, njo ile nasema. Kuko baba wengine bangetuma shangazi."

Bella alikata sabuni siku hiyo vipande vyembamba hata vikapitisha mwanga.

Kilichomla zaidi kilikuwa titi la kushoto. Sabine alinyonyesha la kulia tu, na hilo halikumtosha mtoto. Kaneza alikuwa anapungua: mapaja yake yalipoteza mikunjo, mmoja mmoja. Bella alitazama lile la kushoto chini ya blauzi ya Sabine, kavu, tulivu, limefunikwa. Sabine hakuwa amezaa. Hakuwa na miaka ya chaki mkononi. Alikuwa na wiki chache tu. Damu yake ingepata wapi nafasi ya kuhama? Maelezo yale mazuri ya zamani hayakumfaa Sabine, na Bella, badala ya kuyatilia shaka maelezo, alimtilia shaka Sabine. Huyu anaficha. Huyu ana maziwa yangu ya upande wa pili, na anamwekea mtu.

Akamwuliza Bertrand, wakati anamwagia maji ya kuoga nyuma ya nyumba.

"Papa Kwizera, ile ya kushoto iko ya nani?"

"Kushoto ya nini?"

"Ya Sabine."

"Ah, weye! Minye naangaliaka mutoto. Siangaliake matiti."

"Basi ulijua namna gani naulizia matiti?"

Bertrand alikuwa na sabuni machoni na aliiacha ikae humo.

Bella akangoja siku ambayo Bertrand alikuwa Bwegera. Asubuhi hiyo mizinga ililia milimani, upande wa juu, ikanyamaza, na wachuuzi wakarudi kupanga vitu vyao. Akamfunga Kaneza mgongoni, akamwachia Mama Sévère mtoto Pontien, na akaenda shuleni saa ya mapumziko, makatazo au bila makatazo. Njiani alitunga maneno. Yalikuwa maneno makali na mengine yalikuwa ya Kirundi.

Wanafunzi wa darasa la tatu walikuwa uani wanacheza. Hakuna aliyechanganyikiwa. Wawili walimsalimia, mmoja akamwuliza anamtafuta nani. Hilo nalo aliliweka moyoni.

Sabine alikuwa peke yake darasani, anafuta ubao. Mwandiko ulikuwa mzuri, umeinama kidogo kulia kama wa Bella, isipokuwa kwamba ule wa Bella siku hizi, alipojaribu kuandika jina la mtoto kwenye vumbi uani, ulikuwa umeanza kusimama wima kama wa mtu asiyeuzoea.

"Unafichia nani ile ingine?" Bella akasema. Maneno yote aliyotunga njiani yalikuwa yamemkimbia likabaki hilo.

Sabine hakuuliza ingine ipi. Akaweka kifutio, akafungua blauzi.

"Angalia weye mwenyewe, Mama Kwizera. Minya kama unataka. Tangu siku ya kwanza iko vile. Hata minye nilikuwa nataka kukuuliza weye. Nilisema pengine ulibakisha ile ingine kwako."

Bella akaminya. Lilikuwa laini, tupu, kama la kwake. Walisimama hivyo, mwalimu mmoja amemshika mwingine, na pale ndipo ilipomjia Bella kwamba Sabine naye, wiki zote hizi, alipokuwa akikaa kwenye mkeka ule, alikuwa akitazama upande wa kushoto wa blauzi ya mwenye nyumba kwa jicho hilo hilo.

Kaneza alianza kulia. Hakumlilia Sabine. Alijipinda mgongoni, akageuza kichwa na kukielekeza wazi mwisho wa baraza, ilipokuwa ofisi ya Direkta. Mbele ya mlango ule alilala paka wa shule. Mwaka ule paka wa Uvira walikuwa na mbavu za kuhesabika, wale ambao hawajaliwa. Huyu alikuwa mnene hata alilala kwa kumwagika. Watu walimpita kila siku wakamsifu.

Wakaingia. Direkta Déogratias alikuwa mezani anasaini. Chini ya kiti chake kulikuwa na beseni. Koti lake la kijivu lilikuwa limelowa upande wote wa kushoto, kuanzia mfuko wa kalamu hadi pindo, na kutoka pindoni tone lilianguka, likafuatwa na jingine, bila haraka. Shule ilikuwa na madarasa sita. Nusu ya kila bahasha, kabla haijafungwa, ilikuwa imebaki katika meza ile.

"Mwalimu Bella," akasema. "Konje inaenda muzuri?"

"Direkta, koti yako."

"Njo ivyo tangu nilipewa kiti. Siku za kwanza inasumbua. Kisha unazoea, unavaa singlendi mbili."

"Iko maziwa yetu."

"Ilikuwa yenu," Direkta akasema kwa upole, kama anayesahihisha imla. "Na usizani inabakia kwangu yote. Ingebakia yote, ningekuwa ng'ombe. Kuko yenye kupanda ku bureau ya masomo. Kuko yenye kwenda kwa bakubwa ya muji. Minye niko njia tu, mama. Ata njia inalowaka, maji ikipita."

Kaneza alikuwa analia kwa nguvu ambayo hakuwa nayo tena. Sauti ilitoka kwa vipande. Direkta akaweka kalamu chini, akafungua koti, akafungua shati, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Leta mutoto. Ataharibika na kulia."

Bella alisimama. Paka alikuwa ameamka na kuinua kichwa. Nje kengele ilikuwa karibu. Akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza katika mkono wa Direkta, na Kaneza, ambaye maisha yake yote alikuwa amegeuza kichwa kulia, akageuza kushoto bila kuonyeshwa na kuanza kunyonya.

Alinyonya mpaka vidole vya miguu vikafunguka. Direkta alichukua kalamu kwa mkono wa kulia, akaendelea kusaini.

"Anavuta na nguvu," akasema. "Iko na akili, huyu. Utamuleta kila siku saa ya récréation. Nilisema mwenye konje asionekane, lakini kwa mutoto tunafumba macho. Mwisho wa mwezi utaleta kitu kidogo. Ya sabuni, juu ya koti."

Direkta akageuza karatasi.

"Sabine anaandika muzuri, eh? Bazazi banasema na minye. Banamupenda. Konje ikiisha, tutaangalia namna gani tunapanga. Yote inategemea umoja. Shule inataka bantu banyamavu."

Sabine alikuwa amesimama mlangoni. Aliposikia jina lake alinyoosha blauzi, akaweka mikono nyuma, akakaa kimya sana. Bella akamwona anavyokaa kimya. Naye akakaa kimya zaidi.

Mapaja ya Kaneza yakarudisha mikunjo. Katika hesabu za nyumba likaingia jambo jipya, sabuni ya koti la Direkta, na ili lipate nafasi, vichwa vya ndakala vikaanza kuliwa, na miili ikawa ya siku ya Jumapili. Akina mama wengine walisikia, maana Mama Sévère aliuza samaki na habari kwa bei moja. Kufikia mwezi uliofuata kulikuwa na mstari kwenye baraza kila saa ya mapumziko: mwalimu wa darasa la kwanza na mtoto wake, mke wa mlinzi, mama mmoja mpagazi wa soko ambaye hakuwa na uhusiano wowote na shule. Direkta aliwapokea wote. Alikuwa mtu wa subira. Asiyekuwa na franga alileta gigosi ya unga, na mlinzi aliipangusa.

Wazazi walikutana Jumapili moja baada ya misa, katika darasa la tatu. Walizungumzia paa, vyoo, na risasi iliyoingia darasa la tano ikakaa ukutani. Kisha Papa Hyacinthe, fundi cherehani, mzazi wa watoto watano pale shuleni, akasimama.

"Minye niko na neno juu ya koti ya Direkta. Juma lijalo wageni batakuja. Bakubwa. Na koti inavuja mbele ya bantu. Sasa nauliza, na heshima yote: inavuja juu ya nini?"

Watu walitazama koti. Tone likaanguka. Lilisikika.

Bella alijua ni kwa sababu gani. Alikuwa amekaa benchi la mbele, Kaneza mapajani, na sentensi ilikuwa tayari mdomoni mwake, fupi, ya watu wote kuelewa. Akageuka. Benchi la pili, upande wa pili wa njia, Sabine alikuwa amekaa, blauzi imefuliwa na kupigwa pasi, mdomo wake nao umeshafunguka kidogo, sentensi ile ile ndani yake. Wakatazamana. Bella aliona: nikisema mimi, Jumatatu konje inaisha na chaki inabaki yake. Sabine aliona: nikisema mimi, leo hii chaki ni yake. Kila mmoja akamngoja mwenzake aseme, kwa matumaini makubwa.

Hakuna aliyesema. Papa Hyacinthe akangoja kiasi cha heshima, kisha akajijibu mwenyewe kwamba ni kitambaa, kitambaa cha siku hizi ni chepesi, na kwamba yeye anaweza kushona koti zito, la rangi nyeusi, lenye bitana mara mbili, ambalo halitaaibisha shule. Gharama yake ingeongezwa kwenye primi kwa miezi michache. Akaomba mikono. Mkono wa Bella ulinyanyuka wa kwanza. Wa Sabine ulinyanyuka wa kwanza pia.

Konje iliisha kesho yake, Jumatatu. Direkta alipima mambo, akaona kwamba wote wawili walikuwa wamenyamaza sawasawa, akarudisha chaki kwa Bella kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye mlango. Mwandiko wake uliinama kulia tena kabla ya mstari wa pili. Ijumaa ya primi alisaini, akapokea bahasha, akarudi ubaoni, na kati ya tisa mara sita na tisa mara saba maziwa yalirudi, upande wa kulia, moto, yamechoka kidogo na safari. Watoto walimwambia kwamba blauzi inavuja. Akasema asante.

Nyumbani gigosi ya watoto ilirudishiwa kilima, kidogo. Cha Kwizera kilikuwa kilima kweli. Cha Pontien kilikuwa mwinuko. Koti jipya lilikuwa bado linalipwa.

Saa ya mapumziko Kaneza alinyonya kwa mama yake mpaka maziwa yakaisha, kisha Bella akampeleka kwenye mstari wa baraza, kwa kuwa mtoto alikuwa ameshazoea kushiba. Siku ile, alipokuwa akingoja, alimwona Sabine. Alikuwa amesimama nje ya dirisha la darasa la tatu, kikapu cha mihogo ya Sange kichwani, anauza siku hizi. Kitenge chake kilikuwa kikavu. Alikuwa amerudi kuwa mwembamba kama uzi, na alikuwa anatazama upande wa kulia wa blauzi ya Bella, lile doa, kwa jicho ambalo Bella alilifahamu kwa sababu lilikuwa limewahi kuwa lake.

Bella akavuta kitenge, akafunika doa. Kisha akafikiri, akalifunua tena, kidogo.

"Mihogo bei gani, Mwalimu?" akauliza.

"Kwako iko bei moja na ya wengine, Mwalimu," Sabine akajibu.

Wakaendelea kutazamana, kila mmoja akitafuta alichonacho mwenzake. Nyuma yao, kwenye waya wa uani, koti jeusi la Direkta lilikuwa limeanikwa juani. Lilikuwa zito, lenye bitana mara mbili, na Papa Hyacinthe alikuwa amesema kweli: kwa mbele halikuonyesha kitu. Lilidondosha kwa nyuma. Paka alikuwa ameketi chini yake, uso juu, mdomo wazi, amefumba macho.